Ibn al-Haytham: Mwanachuoni aliyekijua kikomo

Ndugu msomaji, makala ya Ijumaa ya leo imetokana na swali la kijana mmoja.

Nilikuwa Makere, wilayani Kasulu, katika barabara iendayo Kibondo. Baada ya swala ya Ijumaa alinijia kijana wa kidato cha tano akiwa pamoja na baba yake. Kijana alisema kwamba mwalimu wao wa hisabati ameanza mada ya kikomo, ambayo ndiyo mlango wa somo la kalkulasi. Mwalimu amewaambia kuwa namba inaweza kukaribia mahali fulani, ikakaribia tena na tena, wala isifike. Naye akajiuliza, elimu hii ya kukaribia bila kufika ina faida gani kwa mtu mwenye akili timamu? Alikuwa amekwisha amua kuuacha mchepuo wa hisabati. Baba yake hakuwa na pingamizi, kwani kwa maoni yake hesabu za mirathi zinamtosha Muislamu.

Sikumjibu kwa kumkemea, wala sikumpa nasaha za kawaida kwamba asome kwa bidii. Niliwaomba tukae kwenye jamvi, nikawasimulia maisha ya mtu mmoja aliyeishi miaka elfu moja iliyopita. Mtu huyo ni Abu Ali al-Hasan ibn al-Hasan ibn al-Haytham, ambaye watu wa Ulaya walimwita Alhazen. Niliyowasimulia ndiyo ninayoyaandika hapa, ili na wazazi wengine wenye watoto kama huyo wapate kufaidika.

Kijana wa Basra

Ibn al-Haytham alizaliwa katika mji wa Basra, kusini mwa Iraq, yapata mwaka 354 Hijria, sawa na mwaka 965 Miladia. Basra ilikuwa bandari kubwa na mji wa elimu. Wanazuoni wa sarufi ya Kiarabu, wa fikihi na wa elimu ya kalamu walikuwa na darasa zao hapo. Vitabu vya Wayunani vilivyofasiriwa kwa Kiarabu huko Baghdad katika karne ya tisa vilikuwa vimeenea. Mwanafunzi aliyetaka kumsoma Euclid katika jiometri, au Ptolemy katika falaki, alivipata vitabu vyao katika lugha aliyoifahamu.

Inasimuliwa kuwa alishika wadhifa serikalini huko Basra na viunga vyake, lakini moyo wake haukuwa katika kazi hiyo. Ibn Abi Usaybi'a, mwandishi wa historia za matabibu aliyefariki mwaka 1270, amepokea habari kwamba alijifanya amerukwa na akili hata akaondolewa kazini, akapata nafasi ya kuishughulikia elimu. Mwandishi mwingine, Ibn al-Qifti, aliyefariki mwaka 1248, analiweka tukio la kujifanya mwendawazimu mahali pengine na kwa sababu nyingine, kama tutakavyoona. Wapokezi wametofautiana katika hilo. Wameafikiana, hata hivyo, kwamba alikuwa mtu aliyeuona muda wa kusoma kuwa na thamani kuliko cheo.

Safari ya mto Nile

Msomaji wa Kigoma analo fungu lake katika habari hii. Mito mingi ya Kasulu na Kibondo humimina maji yake katika Malagarasi, na Malagarasi huingia Ziwa Tanganyika. Lakini ng'ambo ya mpaka, katika milima ya Burundi, maji ya mto Ruvubu hushika njia nyingine. Huingia Kagera, kisha Ziwa Viktoria, na mwisho wake ni mto Nile. Maji hayo, yakiungana na yale mengi zaidi yatokayo katika nyanda za juu za Ethiopia, ndiyo yaliyoilisha Misri tangu zama za Mafirauni. Mwaka mto ulipofurika kupita kiasi, mashamba na nyumba viliangamia. Na mwaka ulipopungua, njaa iliingia.

Ibn al-Qifti anasimulia kwamba Ibn al-Haytham, akiwa bado Iraq, alisema kuwa lau angekuwa Misri angefanya kazi ya kuudhibiti mto huo, ili watu wanufaike nao ukijaa na ukipungua. Maneno hayo yalimfikia mtawala wa Misri wa ukoo wa Fatimiya, al-Hakim, aliyetawala kuanzia mwaka 996 hadi 1021. Al-Hakim alipenda elimu, na mwaka 1005 alikuwa ameanzisha Nyumba ya Elimu mjini Kairo. Lakini alikuwa pia mtawala wa kuogopwa, ambaye hukumu zake ziliweza kubadilika ghafla, na wengi waliokuwa karibu naye waliuawa. Alimpelekea Ibn al-Haytham mali na kumwita, na alipowasili alitoka mwenyewe kwenda kumlaki nje ya mji.

Basi Ibn al-Haytham akaondoka na mafundi kuelekea kusini, akiufuata mto, hadi mahali paitwapo al-Janadil, palipo na maporomoko karibu na Aswan. Njiani aliyaona majengo ya watu wa kale wa Misri, jinsi yalivyopimwa kwa usahihi na kujengwa kwa ustadi wa hali ya juu. Hapo akajiuliza, watu waliokuwa na elimu ya jiometri ya kiwango hiki, je, wangeshindwa kuuzuia mto kama jambo hilo lingewezekana? Alipofika kwenye maporomoko na kuyapima kwa macho yake, alitambua kuwa kwa zana za zama zake kazi ile haiwezekani.

Alirudi Kairo, akamkabili mtawala na kumweleza kwamba ameshindwa. Ndugu msomaji, tusilipite jambo hili kwa haraka. Mtu aliyeitwa kwa heshima, akapewa mali na mafundi, anarudi mikono mitupu mbele ya mtawala ambaye hasira yake ilikuwa mauti. Angeweza kuanza ujenzi na kuuendeleza kwa miaka, akila mali ya hazina huku akiahidi kuwa kazi inakaribia kwisha. Hakufanya hivyo. Alilijua lisilowezekana, akalisema. Bwawa kuu la Aswan lilikuja kujengwa katika eneo hilo la kusini mwa Aswan kati ya mwaka 1960 na 1970, kwa mitambo, baruti na saruji ya karne ya ishirini.

Kifungo na kalamu

Al-Hakim alilipokea udhuru wake kwa nje na kumpa kazi serikalini, naye akaishika kwa hofu. Kwa mujibu wa Ibn al-Qifti, ni hapa alipoona hakuna njia ya kuinusuru nafsi yake isipokuwa kujifanya mwendawazimu. Mali yake ikachukuliwa ili isimamiwe kwa niaba yake, naye akafungiwa ndani ya nyumba yake. Alikaa katika hali hiyo mpaka al-Hakim alipotoweka mwaka 1021, sawa na 411 Hijria. Hapo ndipo alipoidhihirisha akili yake, akarudishiwa mali yake, akahamia karibu na mlango wa msikiti wa al-Azhar.

Tangu hapo aliishi kwa jasho la kalamu yake. Inasimuliwa kwamba kila mwaka alinakili kwa mkono kitabu cha Misingi cha Euclid, vitabu vya kati vya hisabati, pamoja na al-Majisti cha Ptolemy. Mnunuzi alimletea dinari 150 za Kimisri, bei isiyokuwa na mjadala, na hizo ndizo zilizokuwa riziki yake ya mwaka mzima. Mwandishi aliyetunga vitabu vyake mwenyewe kwa makumi hakuona haya kuishi kwa kunakili vya wengine. Na bila shaka mtu anayeandika hoja za Euclid kwa mkono wake mwaka hadi mwaka huzijua hoja hizo zilivyoungana na pale zinapohitaji kuongezewa nguvu. Alifariki Kairo yapata mwaka 430 Hijria, karibu na mwaka 1040 Miladia.

Mwanga na tundu dogo

Ibn Abi Usaybi'a ameorodhesha vitabu na risala zake zaidi ya 90. Kilichomtangaza zaidi duniani ni Kitab al-Manazir, yaani Kitabu cha Maono, chenye juzuu saba. Kabla yake, Euclid na Ptolemy walishikilia kwamba jicho hutoa miale inayokwenda kuvigusa vitu. Ibn al-Haytham alithibitisha kwamba mwanga hutoka kwenye vitu na kuingia jichoni, na alithibitisha kwa majaribio ambayo mtu yeyote angeweza kuyarudia. Aliweka taa kadhaa mbele ya tundu la chumba chenye giza, akaona madoa ya mwanga ukutani kwa idadi ya taa. Alipoifunika taa moja, doa lake moja tu likatoweka, na alipoifunua likarudi. Kwa hiyo miale hupita mahali pamoja bila kuchanganyika.

Katika risala nyingine kuhusu kupatwa kwa jua alichunguza jambo la hila zaidi. Jua lililopatwa kwa sehemu hutoa picha ya hilali likipita katika tundu dogo, lakini tundu likiwa kubwa, picha huwa ya mviringo. Kwa nini? Alichunguza jinsi ukubwa wa tundu unavyoibadilisha picha hatua kwa hatua. Kitabu cha Maono kilifasiriwa kwa Kilatini yapata mwaka 1200, kikachapishwa Basel mwaka 1572, na wataalamu wa Ulaya wakakitumia kwa karne nyingi.

Kuba na tangi la maji

Sasa tulifikie lile lililomhusu kijana wa Makere. Miongoni mwa risala za Ibn al-Haytham imo moja fupi inayoshughulikia kauli ya kwanza ya sura ya kumi ya kitabu cha Euclid. Kauli hiyo inasema kwamba ukichukua kiasi chochote, ukaondoa nusu yake au zaidi, kisha ukaondoa nusu ya kilichobaki au zaidi, na ukaendelea hivyo, mwisho utabakiwa na kiasi kilicho kidogo kuliko kiasi chochote ulichokitaja tangu mwanzo. Chukua debe la mahindi. Ondoa nusu, kisha nusu ya nusu, kisha nusu ya hiyo. Kwa hesabu, hutafika kwenye sifuri kamwe. Lakini akija mtu na kusema atatosheka ukibakisha kidogo kuliko kikombe, utamfikisha. Akisema kidogo kuliko kijiko, utamfikisha pia. Kiwango chochote atakachokitaja, ilimradi si sifuri, kuna hatua ambayo utakuwa umekipita, na kila hatua ya baadaye itabaki chini yake.

Ibn al-Haytham alikichukua chombo hicho akakifanyia kazi kubwa. Alitaka kujua ujazo wa maumbo yanayopatikana kwa kuuzungusha mpindo uitwao parabola, ule unaofanana na njia ya jiwe lililorushwa. Thabit ibn Qurra na Abu Sahl al-Quhi walikuwa wamemtangulia katika kuuzungusha mpindo huo kwenye mhimili wake, na jibu lao lilikuwa nusu ya silinda inayolizunguka umbo. Ibn al-Haytham alilithibitisha hilo, kisha akakabili umbo gumu zaidi, ambalo mpindo unazungushwa kwenye mstari wa kitako chake. Umbo hilo, likisimamishwa kwa upande wake mpana, lina sura ya kuba la msikiti lenye ncha juu.

Tuseme kuba hilo linaenea sawasawa ndani ya tangi la silinda la lita 1,500, kitako kwa kitako na kimo kwa kimo. Kuba lina lita ngapi? Hakuna kipimo cha moja kwa moja, kwa kuwa ubavu wake umepinda. Basi likate kwa usawa katika tabaka 10 zenye unene mmoja, kama chapati zilizopangwa. Kwa kila tabaka weka sahani moja ya mviringo inayoingia ndani ya kuba, na nyingine inayolizidi kwa nje. Ujazo wa sahani unahesabika. Sahani za ndani zikijumlishwa hutoa lita 725 hivi, na za nje lita 875 hivi. Kuba liko katikati ya hizo. Tofauti ni lita 150, nayo ni sawa kabisa na sahani moja ya chini kabisa.

Sasa ongeza tabaka ziwe 100. Za ndani zinakuwa lita 792 na nusu, za nje lita 807 na nusu. Tofauti imeshuka hadi lita 15. Tabaka zikiwa 1,000, za ndani ni lita 799 na robo, na za nje ni lita 800 na robo tatu. Tofauti imebaki lita moja na nusu tu. Hakuna idadi ya tabaka ambayo kwayo tofauti itakuwa sifuri, kwani sahani zina ngazi na kuba halina. Hata hivyo, jibu la Ibn al-Haytham si kadirio. Alisema kuba ni sehemu nane katika kumi na tano za silinda, yaani lita 800 kamili.

Alijuaje? Hapa ndipo penye hekima. Akitokea mtu akadai kuwa kuba lina lita 801, tutamwonyesha zile tabaka 1,000, ambazo sahani zake za nje hazifiki 801, na kuba liko ndani yake. Dai lake limeanguka. Akidai lita 799, tutamwonyesha sahani za ndani, ambazo zimekwisha pita 799, na zenyewe zimo ndani ya kuba. Dai hilo nalo limeanguka. Akipunguza dai lake hadi lita 800 na tone moja, tutaongeza tabaka mpaka tone hilo nalo lishindwe. Kila namba iliyo juu ya 800 inakataliwa, na kila iliyo chini yake inakataliwa. Haibaki isipokuwa moja.

Ili kuzijumlisha sahani hizo kwa idadi yoyote ya tabaka, alihitaji kanuni ya kujumlisha namba zilizopandishwa kwenye kipeo cha nne: 1, 16, 81, 256 na kuendelea. Yeye aliithibitisha kanuni hiyo kwa kuijenga juu ya jumla za vipeo vya chini yake, kwa njia ambayo mwenye kutaka angeweza kuiendeleza hadi kipeo cha tano na kuendelea.

Kikomo na mwendelezo darasani

Nilimgeukia kijana nikamwambia kwamba hicho ndicho kikomo alichofundishwa darasani. Kikomo si mahali ambapo ni lazima pafikiwe. Ni namba moja pekee inayobaki baada ya nyingine zote kukataliwa. Mwalimu wake alikuwa amewapa mfano huu: chukua namba, ipandishe kwenye kipeo cha pili, toa moja, kisha gawanya kwa namba yenyewe ikiwa imetolewa moja. Ukiweka 1, unapata sifuri juu ya sifuri, jambo lisilo na maana. Lakini ukiweka 1.1 unapata 2.1. Ukiweka 1.01 unapata 2.01. Ukiikaribia kutoka chini kwa 0.99 unapata 1.99. Pande zote mbili zinaielekea 2. Basi 2 ndiyo kikomo, japo katika 1 penyewe pana tundu.

Na mwendelezo ni nini? Wanahisabati huita fanksheni ule uhusiano ambao kila namba inayoingia hutoa namba moja tu. Fanksheni ina mwendelezo mahali fulani iwapo mambo matatu yatakutana: ina thamani mahali hapo, ina kikomo mahali hapo, na viwili hivyo ni kitu kimoja. Mfano uliotangulia ukiliziba tundu lake kwa namba 2, mwendelezo unapatikana. Ukiliziba kwa namba 5, mstari unabaki umekatika. Yapo pia makatiko yasiyozibika. Kondakta wa basi akisema mzigo usiozidi kilo 20 haulipiwi, na unaozidi hapo hata kidogo unalipiwa shilingi 5,000, basi nauli ya mzigo imeruka ghafla penye kilo 20. Ukija kutoka chini unaielekea sifuri, ukija kutoka juu unaielekea 5,000. Hakuna namba moja itakayoziridhisha pande zote mbili. Lakini maji yakiingia tangini kwa bomba, kimo chake hakiruki. Muda ukiongezeka kidogo, maji nayo hupanda kidogo.

Kijana alinyamaza kwa muda, kisha akauliza kama ina maana hesabu hizi zilikuwa zetu tangu zamani. Baba yake alitabasamu, na nadhani alitaka niseme ndiyo.

Tusimpe asichokuwa nacho

Ndugu msomaji, hapa panahitaji uadilifu. Imekuwa desturi katika mihadhara yetu kudai kwamba kila elimu ya leo iligunduliwa na Waislamu, kisha Wazungu wakaichukua. Maneno hayo huwafurahisha wasikilizaji, lakini si yote ya kweli, na Ibn al-Haytham asingeyaridhia.

Ukweli ni kwamba njia ya kulibana umbo kwa ndani na nje ilitumiwa na Wayunani, akiwemo Archimedes, zaidi ya miaka elfu moja kabla yake. Yeye aliwashukuru waliotangulia, akayaonyesha mapungufu yao na kuwazidi. Hakuwa na fanksheni kwa maana ya leo, wala hakutunga nadharia ya kikomo inayojitegemea. Kalkulasi kama somo kamili iliundwa na Newton wa Uingereza na Leibniz wa Ujerumani katika karne ya 17. Hata wao waliitumia bila msingi wake kuwa imara, wakizungumzia vitu vidogo visivyo na kipimo bila kuvieleza vikaeleweka. Msingi ulikuja baadaye, kwa Bolzano mwaka 1817, kwa Cauchy wa Ufaransa mwaka 1821, na kwa Weierstrass wa Ujerumani baada yao. Maana ya kikomo waliyoisimamisha ni ile ya kujibu kila dai: taja kiwango cha kosa unachokitaka, nami nitakuonyesha ukaribu unaotosha.

Mwenye kuisoma maana hiyo pamoja na risala ya kuba ataona zinavyofanana. Lakini kufanana si ushahidi wa kurithi. Kitabu cha Maono kiliwafikia Wazungu na athari yake inajulikana, ila hatuwezi kudai hivyo kwa risala ya kuba. Tunachoweza kusema kwa haki ni kwamba Muislamu mmoja wa Basra aliielewa barabara hoja ambayo leo huwasumbua vijana wengi, na aliiandika kwa ukamilifu usiopungua ule wa wanahisabati wakubwa waliomtangulia.

Yeye mwenyewe alitunga kitabu cha kumkosoa Ptolemy, aliyekuwa imamu wa falaki kwa karne nane. Humo alifundisha kwamba mtafuta haki hapaswi kuamini kitu kwa sababu ya ukubwa wa jina la msemaji, bali aipime hoja, na aituhumu hata nafsi yake anapoipima. Mtu wa namna hiyo hatumuenzi kwa kumvisha sifa za wengine.

Mazingatio

Yapo mambo mawili niliyowaachia wale wawili, na ninawaachia wasomaji wote.

Kwanza, kwa wazazi. Ni kweli kwamba mirathi ni hesabu tukufu, na ole wake anayegawa thumni na sudusi kwa kubahatisha. Lakini Ibn al-Haytham hakuona kuwa uchamungu wake unapungua kwa kupima kuba na mwanga. Daktari anayekadiria kasi ya dawa kupungua katika damu, na mhandisi anayesanifu daraja la Malagarasi, wote wanapita katika mlango huu wa kikomo na mwendelezo. Tukiwaambia watoto wetu kwamba mlango huo hauwahusu, tutaendelea kuwangojea wa kutoka mbali waje kutujengea.

Pili, kwa vijana. Ibn al-Haytham alikutana na vizuizi vya aina mbili. Penye maporomoko ya Aswan aliona kizuizi ambacho juhudi yake isingekiondoa, akakiri. Mbele ya kuba aliona tofauti isiyokwisha kabisa, lakini inayoweza kupunguzwa kupita kiwango chochote atakachokitaja mpinzani, akaendelea mpaka akalipata jibu kamili. Busara ni kujua uko mbele ya kipi kati ya hivyo viwili. Kijana anayeacha hisabati kwa kuwa hakuielewa mara ya kwanza amelidhania debe la mahindi kuwa ni maporomoko ya Aswan.

Tulipoagana, yule baba aliniuliza kama hesabu ya tangi inaweza kuandikwa kwenye karatasi ili akaitazame nyumbani. Niliiandika nyuma ya bahasha: 725 na 875, kisha 792.5 na 807.5, kisha 799.25 na 800.75. Kijana aliichukua, akasimama akiitazama, kisha akasema atajaribu tabaka 10,000 mwenyewe.

Mwenyezi Mungu amrehemu Ibn al-Haytham, na awape watoto wetu elimu yenye manufaa. Wabillahi tawfiq.